Zumari ya Kiriba na Mafundi Wake: Vipande vya Kale Husomwaje?

Mpiga zumari wa pwani yetu hujaza mashavu pumzi, akaitoa kidogo kidogo huku akivuta hewa mpya kwa pua, ili sauti isikatike. Katika nchi nyingine kazi hiyo ya mashavu imekabidhiwa mfuko wa ngozi. Mpigaji huujaza mfuko kwa mrija, akaubana kwapani, na hewa ikaendelea kutoka hata pale anapopumzika kuvuta pumzi. Ala ya namna hiyo nitaiita hapa zumari ya kiriba. Jina hilo halikuokotwa hivi hivi: huko Kuwait na Bahrain ala ya mfuko wa ngozi ya mbuzi huitwa jirba, nalo ni neno lile lile la Kiarabu lililotupatia sisi kiriba cha maji.

Zumari za kiriba ni za aina nyingi, kuanzia Afrika ya Kaskazini hadi Ulaya ya Mashariki. Makala haya yanahusu moja tu, ile ya nyanda za juu za Uskoti, na hasa vipande vyake vya kale vinavyohifadhiwa katika makumbusho, vinavyouzwa minadani, na ambavyo vingine hupigwa hadi leo ingawa umri wao umezidi miaka mia moja. Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ndani yake mwanafunzi wa sekondari atakuta fizikia ya mawimbi, kemia na elimu ya mimea zimekutana katika kitu kimoja kinachoshikika mkononi. Ya pili itadhihirika tutakapofika kwenye habari za mti.

Sehemu za ala

Kwenye kiriba hufungwa soketi tano za mti, na kila soketi huchomekwa mrija. Mmoja ni mrija wa kupulizia, wenye kilango cha ngozi kinachozuia hewa isirudi kinywani. Wa pili ni mrija wa lahani, ambao ndio unaochezewa vidole: una matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba, na hutoa sauti tisa tu. Tundu lake la ndani lina umbo la koni, jembamba juu na pana chini, na kilimi chake ni cha ndimi mbili, sawa na cha zumari yetu. Mirija mitatu iliyosalia, inayoegemezwa begani, ni mirija ya mvumo. Kila mmoja hutoa sauti moja isiyobadilika. Miwili mifupi huvuma oktavu moja chini ya sauti ya msingi ya mrija wa lahani, na mmoja mrefu, yaani besi, huvuma oktavu mbili chini. Tundu la mirija hii ni la silinda, na vilimi vyake ni vya ulimi mmoja.

Jambo moja linafaa kukumbukwa hadi mwisho wa makala. Mrija wa mvumo haukutengenezwa kwa kipande kimoja. Ule mfupi una vipande viwili na besi ina vitatu, navyo huingiliana kwa kuteleza juu ya uzi uliotiwa nta. Mpigaji huurefusha mrija au kuufupisha hadi sauti zikubaliane. Mrija wa lahani hauna uhuru huo: matundu yake yakishatobolewa, yametobolewa.

Kipande chenye jina ndicho kinachoachwa

Mafundi wengi wa Uskoti walikuwa na desturi ya kupiga chapa ya jina lao kwenye mrija wa lahani. Aghalabu mirija ya mvumo haikupigwa chapa. Mtu angetarajia basi kwamba mrija wa lahani ndio ungetunzwa kuliko vyote. Kwa kweli mambo yamekwenda kinyume, na sababu yake ni ya kifizikia.

Mwaka 1885 mtaalamu wa Kiingereza Alexander John Ellis alichapisha vipimo vya ngazi za muziki za mataifa mbalimbali. Miongoni mwa ala alizopima ilikuwamo zumari ya kiriba ya Kiskoti, na sauti yake ya msingi aliikuta ina mitetemo 441 kwa sekunde. Katika karne ya 20 wapigaji walipenda sauti kali zaidi, na mafundi wakawafuata. Siku hizi katika mashindano sauti hiyo hiyo hufika mitetemo 480 kwa sekunde hivi. Mrija wa lahani wa mwaka 1885 hauwezi kupandishwa kiasi hicho bila kuharibu uwiano wa sauti zake zote tisa, kwa hiyo hutolewa na kuwekwa mpya mahali pake.

Sasa tuitazame mirija ya mvumo. Silinda iliyozibwa upande mmoja, na upande wa kilimi huhesabiwa kuwa umezibwa, huvuma pale urefu wake unapokuwa robo ya urefu wa wimbi. Tukichukua kasi ya sauti katika hewa yenye joto na unyevu kuwa meta 345 kwa sekunde, urefu unaohitajika ni 345 kugawanywa kwa mara nne ya idadi ya mitetemo. Mrija mfupi wa wakati wa Ellis ulipaswa kuvuma mitetemo 220.5, yaani nusu ya 441, na hesabu inatupa sentimeta 39.1. Mrija wa leo, wa mitetemo 240, unahitaji sentimeta 35.9. Tofauti ni sentimeta 3.2. Kwa besi tofauti ni sentimeta 6 na zaidi kidogo, nayo ina viungo viwili vya kuteleza vya kugawana kazi hiyo. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa kilimi chenyewe nacho huathiri sauti na tundu la ndani si la upana mmoja. Lakini inaonyesha vizuri kwamba badiliko la miaka zaidi ya mia moja humezwa na kiungo kinachoteleza, pengine pamoja na kubadilisha kilimi.

Hivyo basi mirija ya mvumo ikaendelea kupigwa, na mrija wa lahani ukaachwa kabatini, ukapotea. Ulipopotea, ulipotea na jina la fundi. Leo wachunguzi wanabaki na mirija mizuri isiyo na jina, na hapana budi kuitambua kwa njia nyingine: umbo la kengele ya juu, unene wa pete, idadi na upana wa mifereji midogo iliyochanwa kwenye mti kuwa pambo, na vipimo vya tundu.

Mafundi

Jina la kale linalojulikana vizuri ni la Hugh Robertson, aliyekuwa mkereza mjini Edinburgh katika nusu ya pili ya karne ya 18. Mashindano ya wapiga zumari yaliyoanza Falkirk mwaka 1781 yalikuwa na zawadi ya zumari mpya, na Robertson ni miongoni mwa waliotengeneza zawadi hizo. Thomas Glen alianza biashara yake Edinburgh mwaka 1827, na ukoo wake ukaendelea na kazi hiyo hadi karne ya 20. Katika mji wa Glasgow Peter Henderson alifungua karakana mwaka 1868, na R. G. Lawrie mwaka 1881. Huko Aberfeldy, mji mdogo wa mashambani, alikuwapo Duncan MacDougall, ambaye wajuzi wengi humweka juu ya wote kwa ufundi wa mikono. Zumari za Henderson za kabla ya vita vya 1914 husakwa sana na wapigaji wa leo.

Wengi wa mafundi hao hawakuacha maandishi juu ya mbinu zao. Vitu walivyotengeneza ndivyo vinavyosema. Mtu akikata kwa jicho mrija wa kale ataona kwamba tundu halikwenda upande hata kidogo, ingawa keekee ililazimika kupita katika mti mgumu kwa urefu wa sentimeta thelathini na kitu. Siri iko katika kuzungusha mti badala ya kuzungusha keekee. Mti hufungwa kwenye kerezo na kuzunguka, na keekee ndefu yenye ncha ya umbo la kijiko husukumwa polepole bila kuzunguka. Ncha inayotaka kupotoka hurudishwa kwenye mhimili na mzunguko wa mti wenyewe. Kisha umbo la nje hukerezwa baada ya tundu, na tundu ndilo linalotumiwa kama mhimili. Wanafunzi wangu wa uhandisi, ninapowauliza, karibu wote hujibu kwamba wangekereza nje kwanza ili kazi ipendeze, halafu watoboe. Wangeharibu miti mingi.

Tundu la mrija wa mvumo si la upana mmoja. Kwenye mrija mfupi kipande cha chini kina kipenyo cha milimita 8 hivi, na cha juu milimita 12 au 13, kisha ndani ya kengele kuna chumba kipana chenye mlango mdogo. Tofauti ya nusu milimita husikika. Fundi aliyetumia kerezo la kukanyaga kwa mguu alipata usahihi huo kwa visu vya kupanulia tundu alivyovitengeneza mwenyewe, na visu hivyo, vikirithiwa na mwana au mwanafunzi, vilirithisha na sauti ya karakana. Ndiyo maana vipimo vya tundu humtambulisha fundi kuliko mapambo, ambayo kila mtu aliweza kuyaiga.

Kuna dalili nyingine ambayo mwalimu wa biolojia ataipenda. Mti unapokauka hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu wake karibu hausinyai kabisa. Kutoka kiini kuelekea gome husinyaa kiasi. Na kwa kufuata mduara wa pete za ukuaji husinyaa zaidi. Tundu lililotobolewa duara kamili huelekea kuwa yai kadiri miaka inavyopita, na urefu wa yai hilo hulala upande wa kiini na gome. Mchunguzi hupima kipenyo mara mbili, kwa pande zinazokutana kwa pembe mraba. Tofauti ya vipimo hivyo haithibitishi umri peke yake, maana mti uliokaushwa kwa subira miaka mingi husinyaa kidogo sana baada ya kutobolewa. Lakini tundu la yai likifuatana na umbo la kale ni ushahidi mzuri.

Mti mweusi

Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo niliingia siku moja katika duka la vitu vikuukuu kujikinga na mvua. Muuzaji alinionyesha kipande cha juu cha mrija wa mvumo, cheusi, chenye pete nyeupe, akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba ni mti wa India. Nilikipokea mkononi na uzito wake ukanishtua, kwa kuwa nilikuwa nimeushika uzito huo tangu utotoni. Penye mwanya wa pete, ambapo mafuta na jasho havikufika, weusi ulikuwa na dalili ya zambarau. Sikubishana naye. Lakini jambo hilo ndilo lililonifanya nisome habari hizi.

Robertson na wenzake wa karne ya 18 walitumia miti iliyopatikana kwao, kama laburnumu na miti ya matunda, pamoja na miti michache ya kuletwa. Katika karne ya 19, meli zilipokwenda kila pembe, ulienea mti wa kokasi kutoka Jamaika na Kuba, ambao wataalamu huuita Brya ebenus. Rangi yake ni kahawia iliyoiva, na vipande vingi vizuri vya Glen na MacDougall ni vya mti huo. Ulitumika pia mwebani wa jamii ya Diospyros. Kokasi ilikatwa mno hata ikaadimika. Kuelekea mwaka 1900 na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na Dalbergia melanoxylon, ambao ni mpingo wetu. Tangu hapo mpingo ndio umekuwa mti wa kawaida wa zumari za Kiskoti, na vilevile wa klarineti na oboe.

Kwa nini mpingo? Watu husema kwamba mti huo una sauti nzuri ndani yake. Mimi naona maneno hayo yanampotosha mwanafunzi. Katika ala za kupuliza kinachotetema na kutoa sauti ni hewa iliyomo ndani ya tundu. Ukuta wa mti hautakiwi kutetema, unatakiwa utulie. Densiti ya mpingo ni kilogramu 1,200 hadi 1,300 kwa meta ya ujazo, kwa hiyo huzama majini. Vinyweleo vyake ni vidogo, umejaa mafuta ya asili, na hunywa unyevu wa pumzi polepole sana. Tundu lake hung'arishwa likawa laini kama kioo, na nishati ya wimbi hupotea kidogo tu ukutani. Zaidi ya hayo hushika ukingo mkali: fundi aliweza kuchana mifereji ya pambo, au hata kukata hesi, bila mti kumeguka. Hizo ndizo sifa zilizowavuta mafundi, nazo zote hupimika.

Kutofautisha miti hii mitatu kwa macho ni kazi ya hatari, hasa ikiwa kipande kimepakwa rangi nyeusi, kama ilivyofanywa mara nyingi kwa kokasi. Hadubini hutoa jibu la kuaminika zaidi. Katika jamii ya Dalbergia seli za miale zimejipanga kwa safu, moja juu ya nyingine kama ngazi. Katika mwebani mpangilio huo kwa kawaida haupo.

Jina la mji wa fundi liligongwa kwenye mrija: Glasgow, Edinburgh, Aberfeldy. Jina la msitu halikugongwa popote. Wafanyabiashara wa zamani waliuita mpingo mwebani wa Msumbiji au wa Senegali, na baadaye grenadila, na majina hayo yameendelea kuwachanganya hata waandishi wa katalogi za minada. Mti wenyewe hukua katika miombo na mbuga kavu za nchi nyingi za Afrika, lakini ule wa ala za muziki umetoka hasa Tanzania na Msumbiji. Hukua kwa unyonge. Unahitaji miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kupasuliwa, na shina lake mara nyingi limepinda au lina uwazi ndani. Katika gogo linalofika kiwandani, ni takriban sehemu moja kwa kumi tu inayofaa kuwa ala.

Pete nyeupe

Sehemu nyeupe za vipande vya kale huleta maswali magumu zaidi. Zile za bei nafuu zilikuwa za mfupa au pembe ya ng'ombe. Za thamani zilikuwa za pembe za ndovu, na katika karne ya 19 soko kubwa la pembe za Afrika ya Mashariki lilikuwa Unguja. Nyingine ni meno ya nyangumi au ya walrasi. Baadaye zikaja seluloidi na kaseini, ambayo ni plastiki inayotokana na maziwa.

Pembe ya ndovu iliyokatwa kwa kukingama huonyesha mistari myembamba iliyopinda na kupishana kama wavu. Kwenye sehemu ya nje ya pembe mistari hiyo hukutana kwa pembe butu. Mfupa huonyesha vitone vyeusi, ambavyo ni mifereji ya damu. Kitovu cha jino la walrasi kina mabaka kama marumaru. Seluloidi, ikiigiza pembe, huwa na mistari sambamba isiyopishana kamwe, na ikisuguliwa hunuka kafuri. Baadhi ya watu hujaribu kwa sindano ya moto. Jaribio hilo lisifanywe: linaharibu kipande, na seluloidi huwaka haraka sana.

Pete za fedha husomeka kwa urahisi zaidi, kwani katika Uingereza fedha hupigwa mihuri rasmi. Ngome ni muhuri wa Edinburgh na nanga ni wa Birmingham, na herufi iliyo kando huonyesha mwaka. Ofisi ya mihuri ya Glasgow ilifungwa mwaka 1964, kwa hiyo muhuri wake hauwezi kuwa wa baada ya hapo. Lakini pete huweza kubadilishwa. Muhuri hutuambia umri wa pete, si umri wa mti.

Utambuzi huu haujabaki kuwa shughuli ya makumbusho. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Mwaka 2014 vijana wawili wa Marekani waliokuwa wakirudi kutoka Kanada walinyang'anywa zumari zao mpakani, kwa sababu ya pembe ya ndovu, ingawa baadaye walirudishiwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika 2022, inaruhusu kuuza ala zilizotengenezwa kabla ya 1975 ikiwa pembe ni chini ya asilimia 20 ya ujazo wake, nazo zisajiliwe kwanza. Mpingo nao, pamoja na jamii yote ya Dalbergia, uliwekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa mnamo Januari 2017. Ala zilizokamilika ziliondolewa katika udhibiti huo mwishoni mwa 2019, magogo hayakuondolewa. Hapa kwetu, vijiji vya wilaya ya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, na tangu hapo kukawa na mpingo ambao msitu wake unajulikana kwa jina.

Majaribio kwa darasa

Omba kwa wachongaji vipande vidogo vya mpingo, na kwa seremala vya mninga. Vipime uzito hewani, kisha pima ujazo wake kwa maji yanayopanda katika silinda ya kupimia, na kokotoa densiti. Mpingo utazama na mninga utaelea, hivyo mninga itabidi usukumwe chini kwa sindano.

Kwa somo la sauti, tafuta vipande viwili vya mwanzi vyenye upana ulio sawa, kila kimoja kikiwa kimezibwa na pingili upande mmoja. Kata cha kwanza kiwe na urefu wa ndani wa sentimeta 36, na cha pili sentimeta 36.5. Wanafunzi wawili wapulize juu ya midomo ya mianzi hiyo kwa pamoja, kwa utulivu. Fomula ya robo ya wimbi inatoa mitetemo 239.6 kwa mmoja na 236.3 kwa mwingine, na darasa litasikia sauti ikipanda na kushuka mara tatu hivi kwa kila sekunde. Hayo ndiyo mapigo. Kisha viringisha karatasi ngumu kwenye mdomo wa mwanzi mfupi, uisogeze nje kidogo kidogo kwa nusu sentimeta. Mapigo yatapungua, yatakuwa moja kwa sekunde, halafu yatatulia. Hivyo ndivyo mpigaji anavyofanya kwa mirija yake miwili mifupi kabla ya kuanza wimbo, na mwanafunzi aliye nyuma ya darasa ataweza kunyoosha mkono pale anapoona sauti mbili zimekuwa moja.